Maswali ya Wasomaji: Moto Ukishapita, Nani Anakula Kwanza?

Tangu kiangazi kianze tumepokea barua nyingi kuhusu uchomaji wa nyasi. Baadhi zinawalaumu wafugaji, nyingine zinawalaumu askari wa hifadhi za wanyama, na chache zinauliza tu. Tumechagua hizo zinazouliza.

Ninafuga Kiruhura, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Kila mwaka sisi wafugaji tunaambiwa kwamba kuchoma nyasi ni kosa, lakini tunaona watu wa hifadhi wakiwasha moto wao wenyewe, na baada ya muda mfupi pundamilia na swala wamejaa pale palipoungua. Inakuwaje moto uwe mbaya kwetu na mzuri kwao?
*Mfugaji, Kiruhura*

Tuanze na sheria, kwa kuwa hapo jibu ni fupi. Sheria ya Uganda inayokataza uchomaji wa nyasi ni ya mwaka 1974. Inamlenga mtu anayewasha kiberiti na kwenda zake, lakini inaacha nafasi kwa uchomaji ulioruhusiwa na unaosimamiwa na maofisa wenye mamlaka. Watu wa hifadhi wanachoma kwa mpango wa hifadhi. Nawe ukitaka kuchoma kwa mpango, mlango upo, na tutaurudia katika barua ya mwisho.

Swali lako la pili ni zito zaidi, na karibu barua zote za toleo hili zinalizunguka. Nyasi za nyika zetu huota kutoka chini. Sehemu yake inayokua iko usawa wa ardhi au ndani kidogo ya udongo, na kwa kuwa udongo haupitishi joto kwa urahisi, moto wa nyasi unaopita kwa kasi huteketeza majani makavu ya juu, huku sentimita chache tu chini ya uso wa ardhi joto likibadilika kidogo sana. Shina likibaki hai, na udongo ukiwa bado na unyevu, machipukizi hujitokeza hata kabla ya mvua kunyesha. Machipukizi hayo yana protini nyingi na nyuzinyuzi chache kuliko majani ya msimu uliopita, na hakuna mnyama mla nyasi asiyejua tofauti hiyo. Pundamilia unaowaona pale hawakufuata majivu.

Sasa tazama kinachofuata, maana hapa ndipo watu wengi huacha kutazama. Wanyama wanapokusanyika mahali palipoungua, wanazikata nyasi kila zinapojaribu kurefuka, wanaacha mavi na mkojo papo hapo, na wanaporudi tena na tena mahali hapo panakuwa uwanja wa nyasi fupi za kijani. Kiangazi kijacho moto ukija kutoka upande wowote utafika ukingoni na kuzimika, kwa sababu hakuna kikavu cha kuunguza. Wakati huohuo, upande ambao haukuungua umeachwa bila walaji, nyasi zake zimepanda, zimekauka na kulaliana, kwa hiyo moto ukipita mwaka huo utakwenda huko, na wanyama wataufuata. Uwanja wa kwanza unapumzika na nyasi zake zinarefuka tena. Kwa mzunguko huo nyika inakuwa na viraka vya kila namna kwa wakati mmoja: kilichoungua juzi, kilicholiwa, kilichopumzika mwaka mmoja, na kilichozeeka kinachongoja moto. Taya, yule swala mdogo, anahitaji viraka viwili kwa pamoja, kwa kuwa anakula katika nyasi fupi na kumficha mtoto wake katika nyasi ndefu. Moto na mdomo, kwa hiyo, ni kazi moja yenye zamu mbili, na anayezungumzia zamu moja peke yake hawezi kusema kama ni nzuri au mbaya.

Jambo hili halipatikani Afrika pekee. Huko Oklahoma nchini Marekani, watafiti Samuel Fuhlendorf na David Engle walipendekeza mwaka 2001 kwamba malisho yachomwe kiraka kwa kiraka na wanyama waachwe wajichagulie mahali pa kula, badala ya desturi ya huko ya kutaka shamba zima lifanane kutoka ukingo hadi ukingo. Katika jimbo hilohilo ipo hifadhi ya nyasi ndefu ambako nyati wa Marekani, yaani baisani, walirudishwa mwaka 1993, nao hufuata viraka vilivyoungua kama swala wa Mburo wanavyofanya. Mchungaji wa Kihima aliyekuwa akihamisha ng'ombe wake kufuata majani mapya hakuhitaji kuambiwa hayo na Oklahoma, lakini si vibaya kuona elimu ya mababu ikipata mashahidi wa mbali.

Kinachokutofautisha wewe na hifadhi ni uhuru wa mnyama. Pundamilia akimaliza kiraka anaondoka. Ng'ombe wako, tangu ardhi ilipogawanywa na nyaya kuzungushwa, hana pa kwenda. Ukichoma shamba lote na kuwaacha humo, watakula kila chipukizi siku linapotokeza, na nyasi iliyotumia akiba ya mzizi wake kuchipua haitapata nafasi ya kurudisha akiba hiyo. Baada ya miaka michache ya namna hiyo, nyasi nzuri hufa na udongo hubaki wazi, ndipo watu husema moto umeharibu malisho.

Nafundisha shule ya msingi Masindi. Wazee wanasema ndani ya Hifadhi ya Murchison, upande wa kusini wa Nile, zamani palikuwa na miti mingi, kisha pakawa uwanda wa nyasi, na baadaye vichaka vikarudi. Wengine wanawalaumu tembo, wengine wanalaumu moto. Niwaambie nini wanafunzi?
*Mwalimu, Masindi*

Waambie kwamba wazee wana haki, na kwamba wanaobishana kuhusu tembo na moto wameshika kila mmoja nusu ya jibu. Murchison ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1952. Mwaka 1961 watafiti Helmut Buechner na Clinton Dawkins walichapisha uchunguzi wao juu ya mabadiliko ya mimea katika hifadhi hiyo, na hata katika kichwa cha maandishi yao waliwataja tembo na moto pamoja. Kwa miaka mingi mashamba na makazi ya watu yalikuwa yameongezeka pande zote, tembo wakasongamana ndani ya eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu tu ya mizunguko yao.

Namna walivyosaidiana ni hii. Kiangazi tembo hubandua magome ya miti kwa pembe zake na kuyala. Mti mkubwa wenye gome zima huweza kustahimili moto wa nyasi miaka mingi, kwa sababu gome ni koti nene linalolinda sehemu hai iliyo chini yake, lakini gome likishabanduliwa, moto unaopita unaingia kwenye kidonda, unakausha mbao, na mwaka unaofuata unaingia ndani zaidi. Mti ambao ungemstahimili tembo peke yake, au moto peke yake, unakufa kwa wote wawili. Kisha kivuli kinapoondoka nyasi zinapata jua, zinapanda na kukauka kwa wingi, hivyo moto wa mwaka ujao unakuwa mkali kuliko ule wa mwaka jana. Miti michanga nayo haipati nafasi ya kurithi, kwa kuwa kila inapochipua kutoka kisikini inaunguzwa kabla haijapita kimo cha ndimi za moto. Mti mdogo waweza kuishi hivyo miaka kumi na zaidi, mizizi ikinenepa chini huku juu ukibaki wa kimo cha goti.

Hali ilifikia hatua ambapo wasimamizi waliamua kupunguza tembo kwa bunduki. Kati ya mwaka 1965 na 1967 takribani tembo 2,000 waliuawa kwa mpango, na mtafiti Richard Laws pamoja na wenzake walipima miili yao ili kuelewa umri na uzazi wao. Mjadala wa kama ilipaswa kufanyika haujaisha, na hatutaumaliza hapa. Lakini historia ilifanya jaribio kubwa zaidi bila kuomba ruhusa: katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita na biashara ya pembe viliwaua tembo wengi wa Uganda. Moto haukukoma, lakini vichaka na miti michanga ilianza kurudi sehemu nyingi. Hapo mwanafunzi anaweza kujiuliza mwenyewe ni kipi ambacho moto ulikuwa umekikosa.

Ukiwapeleka watoto kuitazama hifadhi, waonyeshe mivumo ya upande wa kaskazini wa mto. Mvumo mchanga hukaa miaka ukiwa na kitovu chake cha kukua chini ya ardhi, salama na moto. Ukishakuwa mrefu, kitovu hicho kiko juu kabisa, na shina lake halina tabaka hai moja chini ya gome ambalo moto au tembo anaweza kuliharibu likaua mti wote, kama ilivyo kwa miti mingine. Tembo naye hula matunda yake na kuzisambaza mbegu. Kwa mti huo, ushirika uleule ulioangusha miti mingine umekuwa faida.

Na ili wasifikiri kwamba walaji daima huondoa miti, wape mfano wa Serengeti kwa majirani zetu wa Tanzania. Sotoka iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiosemeka, na kwa miongo iliyofuata ugonjwa huo uliendelea kuwazuia nyumbu wasiongezeke. Chanjo ya ng'ombe ilipouondoa ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takribani 250,000 hadi kupita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Midomo hiyo yote ikala nyasi, nyasi kavu zikapungua, moto ukapungua, na miti michanga ikapata nafasi ya kupanda. Tembo na nyumbu wote ni walaji, lakini mmoja anaubandua mti na mwingine anamaliza kuni za moto.

Je, ni kweli kwamba majivu ya nyasi ni mbolea, na kwamba moto unaua kupe? Huku kwetu ndizo sababu mbili zinazotajwa kila mwaka.
*Mama mfugaji, Kotido*

Kuhusu majivu, ni kweli kwa sehemu ndogo. Fosforasi na potasi hubaki katika majivu, lakini nitrojeni nyingi iliyokuwa katika majani hupotea na moshi, na upepo wa kiangazi cha Karamoja unaweza kuyapeperusha majivu yenyewe kabla ya mvua. Ukijani unaouona hutokana zaidi na jua kufika chini na akiba iliyo katika mizizi kuliko mbolea ya majivu. Kinachorutubisha kiraka ni mavi na mkojo wa wanyama wanaorudi hapo.

Kuhusu kupe, moto huwaua wale waliopanda kwenye ncha za majani kungoja mnyama. Wale waliojificha katika nyufa za udongo, katika mashungi ya nyasi ambayo hayakuungua na, zaidi ya yote, wale walio mwilini mwa ng'ombe wako, hupona, na idadi yao hurudi mifugo inaporudi. Uogeshaji wa mifugo usiachwe kwa sababu moto umepita.

Ninaongoza watalii Kasese. Wageni huniuliza kwa nini pale Mweya, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, nyasi za karibu na maji ni fupi kama zimefyekwa, na kwa nini moto haufiki huko wakati sehemu nyingine za hifadhi zinaungua.
*Kiongozi wa watalii, Kasese*

Wafyekaji ni viboko. Kiboko hushinda majini mchana na usiku hutoka kula, akitembea kilomita kadhaa kutoka ukingoni, na midomo yake mipana hukata nyasi karibu kabisa na ardhi. Ukiwasimamisha wageni mahali ambapo nyasi fupi zinakutana na nyasi ndefu, wataona mpaka wenyewe kwa macho: upande mmoja kuna zulia lisiloweza kuungua, upande wa pili nyasi zinazofika kiunoni.

Waeleze pia upande wa pili wa habari hii, ambao viongozi wengi huuruka. Katika miaka ya 1950 viboko walikuwa wengi mno, udongo ukabaki wazi na kuanza kuchukuliwa na mvua, na kuanzia mwishoni mwa muongo huo hifadhi iliwapunguza kwa maelfu. Pale Mweya nyasi zilirudi. Na mahali ambapo nyasi zimeliwa mno kwa muda mrefu hadi moto haupiti tena, vichaka vya miiba na miti ya euforbia hupata nafasi ya kusimama, kwa sababu moto uliokuwa unaviunguza vikiwa vidogo haupo. Kwa hiyo wageni wanapostaajabia kichaka kinene cha kijani katikati ya uwanda, wanatazama kazi ya midomo ya zamani, ingawa hakuna mlaji aliyekipanda.

Nina shamba la ng'ombe Isingiro. Migunga midogo imejaa kila mahali, na sehemu iliyobaki imevamiwa na omutete, aina ya nyasi ambayo ng'ombe hawaigusi. Baba yangu alikuwa akichoma. Mimi sijachoma kwa miaka mingi kwa kuogopa sheria. Nichome?
*Mwenye shamba, Isingiro*

Shida yako wanaijua hata jirani zako wa hifadhini. Ziwa Mburo kuna mgunga uleule uliotapakaa mahali palipokuwa wazi, na hifadhi imejaribu kukata, kung'oa na kuchoma; mwaka 2015 twiga 15 walipelekwa huko kutoka Murchison, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba kuna migunga mingi isiyo na wa kuila. Wewe huna twiga, lakini unaweza kuwa na mbuzi, na hilo tunalirudia hapa chini.

Kwanza angalia kama shamba lako linaweza kuungua hata kidogo. Moto huhitaji nyasi. Kwa kawaida chini ya tani 2 za nyasi kavu kwa hekta hautembei, unarukaruka na kufa, na ukitaka moto wa kuunguza migunga michanga hadi chini, wataalamu wa malisho wa Afrika Kusini hutaka tani 4 hivi. Shamba lenye ng'ombe wengi mwaka mzima halifikishi kiasi hicho. Hapo ndipo ilipo siri ya vichaka vya Isingiro, na wafugaji wengi hawapendi kuambiwa: ng'ombe wamekula kuni za moto, na mgunga ukapita. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupumzisha kipande kimoja kwa msimu mzima wa mvua au miwili, ng'ombe wakiwa kwingine, mpaka nyasi zisimame. Kama huna pa kuwapeleka, basi idadi ya ng'ombe ndiyo swali lako la kwanza, na moto usubiri.

Gawa shamba katika vipande vitatu au vinne na uchome kimoja tu kwa mwaka. Ukitaka moto wa kupunguza vichaka, choma mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa na mvua zikiwa karibu, ili udongo usikae wazi muda mrefu; moto wa mapema huwa wa baridi na huacha viraka, unafaa kwa kupata majani mapya lakini migunga huucheka. Fyeka barabara ya kuzuia moto kuzunguka kipande chote siku kadhaa kabla, waarifu majirani wote, uwe na watu wa kutosha wenye matawi mabichi na maji, na uanze kwa kuchoma ukingo ulio upande ambao upepo unaelekea ili moto mkubwa ukifika ukute pameshaungua. Siku ya upepo mkali acha kabisa.

Mgunga uliokwisha kupita kimo cha mita 3 hautauawa na moto huo. Huo ukatwe kwa panga. Midogo itaungua juu na kuchipua tena chini, na hapo ndipo mbuzi wanapofanya kazi, kwa kuwa chipukizi la mgunga lingali laini na miiba yake haijakomaa. Bila mbuzi au panga la mara ya pili, baada ya miaka michache utakuwa na shina nne mahali palipokuwa na moja.

Omutete ni habari nyingine. Ng'ombe wanaukataa kwa sababu ya mafuta yake makali, wanakula nyasi zote nzuri zilizo kati yake, na kila msimu wa namna hiyo ni ushindi kwake. Moto hauui shungi lake. Ukichoma na kuwaingiza ng'ombe mara moja, watafyeka nyasi nzuri zikiwa bado changa, na omutete utapata nafasi kubwa zaidi ya ile uliyokuwa nayo mwanzo. Nina hakika mashamba mengi ya Ankole yaliyoharibika kwa namna hii yanaonekana kama yaliyoharibiwa na moto, wakati kosa lilikuwa katika wiki zilizofuata. Kwa hiyo waache ng'ombe nje mpaka nyasi nzuri zifike angalau kimo cha kiganja kilichosimama na mvua zishike, kisha waingie kwa muda mfupi na watoke.

Kuhusu ruhusa, nenda kwa afisa mifugo wa kaunti yako ndogo mapema, kabla ya kiangazi kukolea, ukiwa na mchoro wa shamba unaoonyesha kipande utakachochoma, mahali pa barabara za moto na majina ya majirani uliowaarifu. Omba kibali kwa maandishi, na siku ya moto uwe nacho mfukoni. Mashungi ya omutete yatakayobaki katika kipande hicho yang'oe kwa jembe mvua zikianza, udongo ukiwa laini na mizizi ikitoka mizima.